Chennai: Fedha ya mgonjwa isikae mfuko mmoja

SAA kumi na mbili asubuhi mtaa wa Greams Road, jijini Chennai, kusini mwa India, umeshaamka. Bajaji za njano zimepanga foleni mbele ya nyumba za wageni. Muuza chai anamimina chai ya maziwa kutoka kikombe kimoja hadi kingine mpaka itoe povu. Watu wenye bahasha kubwa za picha za eksirei wanavuka barabara kuelekea hospitali, wengine wakisukuma viti vya magurudumu. Wamo Wabangladeshi, wamo Waarabu kutoka Oman, wamo Waafrika waliojifunga vitenge.

Wachache wao wamekuja kutembea. Ufukwe wa Marina, ambao wenyeji wanajivunia, hauko mbali, lakini wengi wa wageni hawa huondoka bila kuuona. Wamekuja kutibiwa au kumuuguza mtu. Jioni, kwenye vibaraza vya nyumba za wageni, mazungumzo ni mawili tu: daktari amesemaje, na fedha zimebaki kiasi gani.

Mfano wa familia moja ya Morogoro unatosha kueleza. Baba, mwalimu mstaafu, amekuja kufanyiwa upasuaji wa moyo. Mkewe amekuja naye kama msindikizaji. Kijana wao wa kwanza amebaki Dar es Salaam kushughulikia michango. Shamba limeuzwa, ndugu wamechanga, kikundi cha akina mama kimekopesha. Fedha zote zimewekwa kwenye akaunti moja, ya baba, na kadi iko mfukoni mwa baba. Ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwao siku zote, na hakuna aliyeona ubaya.

Siku ya upasuaji baba anavua saa na pete, anavalishwa gauni la hospitali, anasukumwa kwenye kitanda cha magurudumu. Saa mbili baadaye muuguzi anamkabidhi mama karatasi ya dawa na vifaa vya kununua. Mama anafika dirishani, anatoa kadi. Mashine inaomba namba ya siri.

Mama haijui.

Si kwamba baba alimficha. Haikuwahi kutokea haja ya kuijua. Sasa mwenye namba amelala usingizi wa dawa na hakuna wa kumuuliza. Simu yake imo kwenye mkoba wa mama, lakini nayo imefungwa, na ujumbe wowote wa benki utaingia humo humo.

"Amma, cash?" anauliza kijana wa dirishani. Amma kwa Kitamil ni mama, na ndivyo wanawake wanavyoitwa kwa heshima katika jiji hili. Mama anafungua pochi. Ana noti tatu za dola na noti chache za shilingi elfu kumi. Kijana anatikisa kichwa. Dirisha linapokea rupia tu. Anaonyesha kibao chenye alama za mraba mbele yake, ambacho kila mteja anakielekezea simu na kuondoka. Hilo nalo mama hana.

Anayemwokoa ni mwanamke wa Mombasa anayemuuguza mwanawe katika wodi ya jirani. "Chukua dadangu, tutahesabiana jioni," anasema, na kumpa rupia 3,000. Dawa zinanunuliwa. Lakini wakati ule wote dirishani mama alikuwa akijiuliza swali moja: na kama yule dada asingekuwapo?

RUPIA, PESA NA LAKI

Kwa Mswahili, fedha ya India si ngeni kabisa. Kabla ya shilingi, rupia ndiyo iliyotumika Afrika Mashariki. Wajerumani walitoa rupia yao Tanganyika, na Zanzibar iliendelea na rupia mpaka mwanzo wa mwaka 1936 ilipoingia shilingi. Neno pesa lenyewe limetoka kwenye paisa, sehemu ya mia ya rupia ya leo. Na laki, neno ambalo Mtanzania analitumia kila siku sokoni, ni hesabu ya Kihindi: elfu mia moja.

Udugu huo wa maneno una hatari yake. Makadirio ya gharama aliyopewa baba yaliandikwa 3,50,000. Mkato wa kwanza upo baada ya tatu, wa pili baada ya hamsini. Macho yaliyozoea 350,000 hudhani kuna tarakimu iliyoruka, au kwamba ni milioni tatu na nusu. Kumbe Wahindi hutenga tarakimu tatu za mwisho, kisha huendelea kutenga mbili mbili: 1,00,000 ni laki moja, 10,00,000 ni laki kumi. Waliotulia wakasoma kwa Kiswahili watapata jibu sahihi: laki tatu na nusu, za rupia.

Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo yenye uzito. Siku ya tatu baba bado yuko katika chumba cha uangalizi maalumu, muda mrefu kuliko ilivyokadiriwa, na ofisi ya malipo inaomba nyongeza. Mama anampigia kijana wake Dar es Salaam.

"Mwanangu, wanataka laki moja na nusu tena."

"Hiyo tu, mama? Usihangaike, natuma sasa hivi."

Kijana amesikia shilingi. Laki moja ya rupia ni zaidi ya milioni mbili za shilingi, na nusu yake juu. Wanagundua kosa baada ya nusu saa, mama akiwa amesimama mbele ya karani na kijana akiwa amekwisha kuwaambia shangazi zake kwamba mambo ni mepesi. Kumrudia shangazi na kumwambia kwamba si laki moja na nusu bali ni mamilioni, si kazi ndogo.

Tangu siku hiyo familia inaweka sheria: hakuna kutaja kiasi bila kutaja sarafu, na kila kiasi kinaandikwa kwa ujumbe, si kusemwa tu. Mama ananunua daftari dogo la shule. Ukurasa wa kushoto anaandika rupia, wa kulia shilingi, na juu anaandika bei ya kubadilisha ya siku hiyo.

NOTI ZA BAHASHA

Daftari hilo linaanza na hasara. Kabla hawajasafiri, jirani mmoja aliyetibiwa India mwaka 2015 aliwaletea bahasha yenye rupia zilizombakia. Ilikuwa zawadi ya moyo mweupe. Walipofika nazo dukani, muuzaji alizitazama, akatabasamu, akazirudisha. Usiku wa tarehe 8 Novemba 2016 Waziri Mkuu Narendra Modi alitangaza kwamba noti za rupia 500 na 1,000 za wakati ule zimekoma kutumika. Noti mpya za 500 zikaja na zile za 2,000, lakini Mei 2023 Benki Kuu ya India ilitangaza kuiondoa hata hiyo ya 2,000 kwenye mzunguko.

Kwa hiyo noti kubwa anayopaswa kuijua mgeni leo ni ya 500, ya rangi ya kijivu, yenye picha ya Ngome Nyekundu ya Delhi upande wa nyuma. Ya 200 ni ya njano iliyokolea, ya 100 ni ya zambarau iliyopauka, ya 50 ni ya buluu. Zote zina sura ya Mahatma Gandhi. Mama alizipanga kitandani usiku wa kwanza kama anayepanga karata, akazisoma mpaka akaweza kuzitofautisha bila miwani. Dereva wa bajaji hasubiri mtu avae miwani.

Kununua rupia za mkononi nyumbani kabla ya safari si jambo la kutegemea. Sheria za India hazimruhusu mgeni kuingiza na kutoa rupia apendavyo. Kinachosafiri ni dola, tena noti safi: zisizochanika, zisizoandikwa kwa kalamu, zisizopigwa mhuri. Noti ya dola mia huwa inapata bei nzuri kuliko noti ndogo.

Uwanja wa ndege unafaa kwa kubadilisha fedha kidogo, za kutosha usafiri na siku ya kwanza. Bei nzuri zaidi hupatikana katika maduka yenye leseni mjini, na kuzunguka hospitali kubwa yapo kadhaa. Duka la kweli litaomba pasipoti na litatoa risiti. Anayemfuata mgonjwa barabarani akimnong'oneza bei nzuri kuliko zote hatoi risiti, na risiti hiyo ndiyo itakayohitajika siku ya kurudi, rupia zilizobaki zitakapogeuzwa kuwa dola.

MLANGO WA FEDHA NYINGI

Wapo wanaoamua kubeba fedha zote za matibabu mwilini, zimeshonewa kwenye mkanda wa kitambaa. Wana sababu zao: wamesikia kadi inakataa, benki inachelewa. Lakini fedha taslimu nazo zina milango yake.

Anayetoka Tanzania na fedha taslimu zinazofikia thamani ya Dola 10,000 za Marekani anatakiwa kutoa taarifa forodhani. Anayeingia India na noti za kigeni zinazozidi Dola 5,000 anatakiwa kujaza fomu ya forodha pale uwanjani. Kujaza fomu si kosa wala si kodi. Kosa ni kunyamaza. Anayenyamaza akapekuliwa anaweza kujikuta fedha za upasuaji zimezuiwa huku mgonjwa akisubiri.

Tena zipo kanuni za hospitali yenyewe. Tangu Aprili 2017 sheria ya kodi ya India inakataza kupokea taslimu za rupia laki mbili au zaidi kutoka kwa mtu mmoja kwa siku moja, au kwa shughuli moja. Familia inayobadilisha dola zote ziwe rupia na kuzipeleka kwa karani ndani ya mfuko wa plastiki inaweza kurudishwa nazo, si kwa dharau bali kwa sheria. Malipo makubwa yanapita kwenye kadi au benki, na hospitali zinazopokea wagonjwa wa nje huwa na dawati la kuwaelekeza. Swali la namna ya kulipa lina nafasi yake katika barua ya kwanza kabisa ya kuomba makadirio, kabla hata ya viza.

Njia iliyoisaidia familia ya Morogoro mwishowe ilikuwa kutuma fedha kutoka benki ya Dar es Salaam moja kwa moja kwenye akaunti ya hospitali, jina la mgonjwa likiandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti, pamoja na namba yake ya usajili. Hata hapo walijifunza mawili kwa machungu.

La kwanza ni saa. Chennai iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa mbili na nusu. Kijana aliyefika benki Ijumaa saa nane na nusu mchana alikuta kwamba Chennai ni saa kumi na moja jioni. Jumamosi ile ilikuwa ya pili ya mwezi, na mabenki ya India hufungwa Jumamosi ya pili na ya nne. Jumapili ikafuata. Fedha zilizotoka Ijumaa hazikusomeka hospitali mpaka wiki iliyofuata, na siku hizo mama alikuwa akimwonyesha karani nakala ya uthibitisho wa benki iliyotumwa kwenye simu yake. Nakala ile haikuwa fedha, lakini ilionyesha kwamba fedha ziko njiani, na karani alimsikiliza.

La pili ni makato. Benki zilizo katikati ya njia hukata chao, na kiasi kinachofika kinapungua. Anayetuma anapaswa kusema tangu mwanzo kwamba gharama zote ni juu yake, la sivyo bili inabaki na mkia wa dola chache zisizolipwa, na mkia huo huo unaweza kuchelewesha karatasi ya kuruhusiwa.

Kwa haraka ndogo ndogo zipo kampuni za kutuma fedha ambazo mgeni huchukua kwa pasipoti. India imeweka ukomo wa Dola 2,500 kwa kila mara moja kwa njia hiyo. Inatosha chakula, dawa na pango, na hutumwa kwa jina la msindikizaji, si la aliyelazwa.

KADI MBILI, WATU WAWILI

Benki hazitaki mtu ampe mwenzake namba ya siri, na zina haki. Hivyo dawa ya tatizo la mama pale dirishani haikuwa kunong'onezwa namba ya baba. Ilikuwa ni kuwa na kadi yake mwenyewe, kwenye akaunti yake mwenyewe au ya pamoja, na namba yake mwenyewe kichwani. Viza ya matibabu ya India huruhusu hadi wasindikizaji wawili. Yeyote kati yao anayebaki nje ya chumba cha upasuaji ndiye anayehitaji kuwa na uwezo wa kulipa.

Kadi hizo zinaandaliwa nyumbani. Benki inaarifiwa kwamba zitatumika India, kiwango cha kutoa kwa siku kinajulikana, na laini ya simu inafunguliwa itumike nje ya nchi, kwa sababu baadhi ya malipo hayakamiliki bila tarakimu zinazoletwa kwa ujumbe. Mashine za ATM za India mara nyingi hutoa rupia 10,000 tu kwa mara moja, na kila mara kuna makato, kwa hiyo si za kutegemea kwa bili kubwa. Mashine ikiuliza kama malipo yahesabiwe kwa rupia au kwa sarafu ya nyumbani, jibu la gharama nafuu huwa ni rupia; kuchagua ya nyumbani ni kumwachia mwenye mashine apange bei ya kubadilisha.

Na kile kibao chenye alama za mraba? Ni mfumo wa malipo unaoitwa UPI, ulioanza mwaka 2016, na sasa umefika mpaka kwa muuza ndizi. Mteja anaelekeza simu, na kisanduku kidogo mezani kinatamka kwa sauti kiasi kilichoingia. Kwa kawaida unahitaji akaunti ya benki na namba ya simu ya India. Wageni wamewekewa pochi maalumu za kuwekwa fedha kwanza, zinazofunguliwa kwa pasipoti na viza kwa mawakala walioidhinishwa. Asiyekuwa nayo hana sababu ya kuhofu, ila asikose noti ndogo. Noti ya 500 kwa safari fupi ya bajaji huleta ubishi wa chenji, na muuza chai wa saa kumi na mbili asubuhi hana chenji kabisa.

MKOBA WA KURUDIA

Baba alitoka chumba cha uangalizi siku ya tano. Neno lake la kwanza la maana lilikuwa kuomba maji. La pili lilikuwa kuuliza fedha.

"Zipo, baba watoto. Pumzika," alijibu mama, akampigapiga mkono. Jioni alipopata nguvu alimsomea daftari ukurasa kwa ukurasa: kilicholipwa, kilichoazimwa, kilichorudishwa. Zile rupia 3,000 za dada wa Mombasa zilikuwa mstari wa kwanza, zimepigwa alama ya kulipwa. Baba alisikiliza mpaka mwisho, macho yamefumbwa. Kisha akasema kwamba wakifika nyumbani watakwenda benki wote wawili.

Siku ya kuondoka walisubiri bili ya mwisho, wakailinganisha na daftari, wakauliza kuhusu kipimo kimoja kilichoandikwa mara mbili, kikafutwa. Kilichozidi katika malipo ya awali kiliandikiwa ombi la kurudishwa kwenye akaunti kilikotoka, na mama aliomba karatasi ya ombi hilo yenye mhuri kabla ya kuinuka kitini. Rupia zilizobaki walizigeuza dola dukani, kwa ile risiti ya siku ya kwanza. Waliacha mia tano kwa ajili ya chai na maji ya uwanjani.

Miezi michache baadaye, Morogoro, jirani mwingine alipata barua ya kumpeleka binti yake India. Alikuja jioni kuomba ushauri. Mama hakumpa bahasha ya rupia. Alimpa daftari, akamwambia alirudishe, kisha akamuuliza swali moja kabla hajamkaribisha chai:

"Wewe utakuwa ndani na mtoto. Nje atabaki nani, na kadi yake iko wapi?"